Tone la damu hupita mikononi mwa nani? Kufundisha utafiti wa tiba na kazi zake sekondari

Usianze na orodha ya kazi. Nalisema mapema kwa sababu ndivyo siku ya taaluma inavyokwenda katika shule nyingi: mgeni anakuja na suti yake, anataja daktari, mfamasia na mhandisi, anawaasa watoto wasome kwa bidii, anapigiwa makofi ya kilo, anaondoka. Wiki inayofuata waulize mtafiti wa malaria hufanya nini akifika kazini saa mbili asubuhi. Kimya. Wamebaki na majina ya vyeo tu.

Mimi nafundisha Bayolojia na Kemia katika sekondari ya kata wilayani Muheza, Tanga. Njia niliyoizoea kwenye klabu ya sayansi ni kufuata tone moja la damu. Tone linatoka kwenye kidole cha mtoto kijijini, linafika maabara, linageuka namba, namba zinageuka jedwali, jedwali linageuka uamuzi wa wizara kuhusu dawa gani igawiwe zahanati. Kila kituo kina mtu, na kila mtu ana kazi yenye jina, mshahara na njia ya kuifikia. Tone likifika mwisho wa safari, watoto wenyewe ndio wanaoanza kuuliza habari za kazi.

Unahitaji muhula mmoja, kipindi kimoja cha saa moja na nusu kwa wiki, mahindi na maharage, chupa tupu za maji, kipande cha chandarua kuukuu, saa yenye mshale wa sekunde na bango kubwa la karatasi la kuchorea njia ya tone, litakalobaki ukutani muda wote. Hadubini ikiwepo ni heri. Isipokuwepo, kazi inaendelea.

Wiki za mwanzo: maswali ya nyumbani

Kipindi cha kwanza mwambie kila mwanafunzi aje na swali moja la ugonjwa kutoka nyumbani kwao. Swali, si jibu. Sisi huku hatuna uhaba wa maswali. Kwa nini bibi ana matende na babu hana, na wanalala kitanda kimoja? Kwa nini kaka alipima malaria Jumatatu akaambiwa hana, Jumatano akaambiwa anayo? Mwarobaini unatibu kweli?

Yaandike yote ubaoni, hata yanayochekesha. Kisha chukua moja mlivunjevunje pamoja. "Mwarobaini unatibu?" ni swali la kijiweni. Ili liwe la utafiti lazima mjibu: unatibu nini, kwa nani, kwa kiasi gani, ukilinganishwa na nini, na tutajuaje kwamba amepona? Mwanafunzi mmoja atasema "atajisikia vizuri", mwingine atasema "homa itashuka", wa tatu atasema "wadudu watatoweka kwenye damu". Waache wabishane, maana hizo ni tafiti tatu tofauti. Hapo ndipo somo lilipo. Usiwahi kulifunga kwa kutoa jibu lako.

Majadiliano yaende kwa Kiswahili. Kingereza kije wakati wa kuandika ripoti, maana mtihani unakitaka. Mtoto anayehangaika kutafuta neno hawezi wakati huohuo kuhangaika kutafuta kosa kwenye jaribio.

Kuna kisa cha mkoa wetu ambacho huwasimulia wanafunzi, na walimu wenzangu nao wakisikie. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu alioutia kwenye friza ukiwa bado moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Mpemba hakuliacha. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hiyo ni fizikia, si tiba, na wanafizikia wangali wanabishana juu yake hadi leo. Ila nikisikia darasa linamcheka mwenzao kwa swali lake, nawakumbusha Magamba.

Kama shule yako iko karibu na mahali palipofanyiwa utafiti, litumie hilo kabla ya kitabu. Watoto wa Muheza wanakaa juu ya historia bila kujua. Kule Amani Wajerumani waliweka kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda misinkona, miti ambayo magome yake hutoa kwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakatengeneza dawa hiyo hukohuko mlimani. Miaka ya 1950 mtaalamu wa mbu Mick Gillies alikuwa hapa Muheza akiwatia mbu alama, akiwaachia, kisha akiwakamata tena ili ajue wanaruka hadi wapi na wanaishi muda gani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, nayo ina kituo chake cha Amani hapahapa wilayani.

Na mbu hao hawakujikamata. Marehemu baba yangu alikuwa mkamata mbu. Aliishia darasa la saba. Usiku alikaa kwenye kigoda, suruali ameikunja hadi magotini, tochi mkono mmoja na mrija wa kunyonyea mkono wa pili. Mbu akitua mguuni anamulikwa, anavutwa kwa pumzi hadi ndani ya mrija kabla hajauma, anatiwa kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa wavu na kuandikwa saa. Vikombe vilipangwa kwa saa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri, kwa sababu swali lilikuwa: mbu huyu anauma saa ngapi? Bila kikombe cha saa tano usiku, hakuna mtu angejua kwamba chandarua kinamkuta mbu wa malaria kazini kwake. Nikiwaonesha wanafunzi namna ya kunyonya kwa mrija (huweka kipande cha chandarua katikati ili usimeze mbu) darasa zima huchangamka. Halafu kuna mmoja huuliza: "Sasa Mwalimu, na wale wakamata mbu, nani aliwalinda wasiugue?" Swali hilo liandikeni kwenye bango. Tutalirudia kwenye maadili.

Mahindi 200

Zoezi hili nalipenda kuliko yote na gharama yake ni chakula ambacho mtakipika baadaye. Changanya vikombe sita vya mahindi makavu na kikombe kimoja cha maharage ndani ya beseni. Mahindi ni chembe nyeupe za damu. Maharage ni vimelea vya malaria.

Mtaalamu wa maabara anaposoma slaidi nene ya damu, yaani tone lililopakwa nene juu ya kioo, hahesabu damu yote. Anaweka tone la mafuta, anatumia lenzi ya mara 100, anahesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe, na akifikisha chembe nyeupe 200 anasimama. Vimelea vikiwa vichache sana anaendelea hadi 500. Kisha anachukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika kila maikrolita ya damu, anapiga hesabu: vimelea alivyoviona, mara 8,000, gawanya kwa 200. Yaani zidisha kwa 40.

Mpe kila mwanafunzi kikombe achote, atoe punje mojamoja, apige vijiti daftarini pande mbili: upande wa mahindi na upande wa maharage. Akifika mahindi 200 anaacha hata kama kikombe hakijaisha, na kikiisha mapema anachota kingine. Aliyepata maharage 35 ana vimelea 1,400 kwa maikrolita. Jirani yake amepata 27, yaani 1,080. Beseni ni lilelile. Nani kakosea?

Hapo usiwakimbize. Wengi watataka kujua jibu la kweli ni lipi, kwa sababu shule imewazoesha kwamba nyuma ya kitabu kuna majibu. Waeleze kwamba katika utafiti slaidi moja husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake kapata nini. Maabara nyingi huweka mpaka: tofauti ikizidi asilimia 25, anaitwa msomaji wa tatu. Wapige hesabu ya 1,400 na 1,080. Wastani ni 1,240, tofauti ni 320, ambayo ni karibu asilimia 26. Mwite wa tatu.

Kisha litikise beseni kwa nguvu na uwaambie wengine wachote juu, wengine wachimbe hadi chini. Hesabu zitaanza kukosana kwa namna ambayo si bahati nasibu, kwa sababu punje za aina mbili hazikai sawasawa zikitikiswa. Sasa wanaelewa kwa mikono yao kwa nini mtafiti haendi kupima watoto waliolala wodini halafu akatangaza kiwango cha malaria cha wilaya nzima.

Mwenye akili atauliza nani alisema kila mtu ana chembe nyeupe 8,000. Mpe soda mtoto huyo. Ni kadirio la kurahisisha kazi. Watu hutofautiana, na tafiti zenye uwezo humpima kila mtu chembe zake badala ya kukadiria.

Kama zahanati au kituo cha afya kilicho jirani kina slaidi za kufundishia zilizokwisha kutiwa rangi ya Giemsa, omba mbili tatu. Pete ndogo ya kimelea yenye kidoa chekundu na ukingo wa buluu, ikionekana mara moja kwa jicho la mtoto, haisahauliki.

Mbu na chenga za povu

Jaribio hili linatoka Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mjini Makunduchi, watafiti walimwaga chenga za polisitirini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji, mahali wanapozaliana mbu wa Culex wanaoeneza matende na mabusha. Wakazi walipewa pia dawa ya kuua vimelea. Mbu walipungua sana, na vimelea kwenye damu za watu vikashuka. Sababu ni nyepesi: kiluwiluwi hupumua hewa ya juu ya maji, na chenga zikielea kwa unene wa kutosha hapati pa kutolea pumzi, wala mbu jike hapati pa kutagia.

Mnalifanya hivi. Kateni chupa mbili za lita moja na nusu. Tieni maji yaleyale kutoka mtaro uleule, na viluwiluwi 20 kila chupa, kwa kijiko. Chupa moja mwagieni juu chenga za lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, mlilolisugua hadi likawa punje, unene wa kidole. Chupa ya pili iache wazi. Zote mbili funika kwa chandarua na ufunge kwa mpira. Hili la kufunika halina mjadala, kwa sababu hutaki kuifuga dengi shuleni. Ziwekeni kivulini pamoja, mhesabu walio hai kila asubuhi kabla ya mstarini kwa siku tatu. Ili kuhesabu kwenye chupa yenye chenga mtalazimika kuzisogeza kidogo na kumulika kwa tochi ubavuni. Siku ya tatu, kabla pupa hawajageuka mbu, mimina maji ya moto kwenye zote na unawe mikono kwa sabuni.

Watazame pia wanavyokaa. Kiluwiluwi wa Culex huning'inia kichwa chini, mkia wa kupumulia juu. Wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Mwanafunzi akiweza kuwatofautisha kwenye chupa, amekwisha kufanya kazi ya siku moja ya mtaalamu wa wadudu.

Matokeo yakipatikana, uliza: mbona njia hii haikutumika mashambani kwenye mpunga kuua mbu wa malaria? Usijibu. Waache waitafakari chenga, upepo, mafuriko, na ukubwa wa bonde.

Kundi linganishi, bila kumpa mtu dawa

Hakuna jaribio la dawa, chakula wala mitishamba kwa wanafunzi. Mapigo ya moyo yanatosha. Darasa lote liruke papo hapo dakika moja. Kisha kundi moja likae kimya, kundi la pili livute pumzi polepole. Baada ya dakika mbili kila mmoja apimwe mapigo kwa nusu dakika. Je, kuvuta pumzi polepole kunashusha mapigo haraka zaidi?

Mara ya kwanza waache wajichagulie makundi. Utaona wacheza netiboli wote wamekwenda upande mmoja na rafiki zao, na matokeo yatakuwa yanawapima wacheza netiboli, si pumzi. Mara ya pili tumia vikaratasi kwenye kofia. Mara ya tatu, anayepima asijue anayempima yuko kundi gani. Linganisha namba za mara tatu. Nadhani saa hiyo moja ina thamani kuliko ukurasa wowote unaoeleza jaribio la chanjo, na ukitaka kuliunganisha na chanjo, huna haja ya kwenda mbali: Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, kwa watoto zaidi ya 15,000, na hakuna mama aliyechagua mwanawe aingie kundi gani.

Mumiani, ridhaa na maadili

Ukizungumzia kuchukua damu Pwani, mumiani atakuja tu. Mtoto atasema, "Bibi anasema damu zinauzwa." Usimkemee na usimcheke bibi. Bibi ana swali halali: damu ya mjukuu wangu inakwenda wapi? Mtafiti aliyeshindwa kulijibu ndiye mwenye deni.

Fanya hesabu pamoja nao. Mwanafunzi wa kilo 50 ana damu kama lita tatu na nusu. Sampuli ya mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, sehemu moja kati ya 700. Mimina maji ya kijiko hicho mbele yao, kando ya ndoo yenye lita tatu na nusu. Kisha wapeleke kwenye bango: tone limetoka hapa, limepita huku, lililobaki limehifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, au limeteketezwa, na yote hayo lazima yawe yameandikwa kwenye karatasi ya ridhaa ambayo mzazi aliisoma au alisomewa.

Zoezi lake: wanafunzi waandike karatasi ya ridhaa ya lile jaribio la mapigo ya moyo, kwa Kiswahili ambacho nyanya zao watakielewa. Iseme nini kitafanyika, kina ubaya gani, faida ipo au haipo, nani ataona majina, na kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Kisha wabadilishane karatasi na wasakane makosa. Wengi husahau hilo la kujitoa. Waambie kwamba aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi na pia yeye mwenyewe akubali. Mzazi kusema ndiyo hakutoshi kama mtoto anakataa.

Sasa lirudieni swali la wakamata mbu. Mkamata mbu hulipwa, lakini mguu wake ndio chambo. Je, apewe dawa ya kinga? Apimwe kila mara? Kijana wa miaka 16 mwenye shida ya ada aruhusiwe? Mitego ya taa ipo, lakini haitoi hesabu sawa na mguu wa mtu. Mimi nina msimamo wangu kwa kuwa nilimwona baba akirudi alfajiri, lakini nauweka mfukoni hadi wamalize. Waeleze kwamba kuna kamati ambazo kazi yao ni kubishana hivyohivyo kabla utafiti haujaruhusiwa, na kwamba ndani yake hukaa wanasheria, viongozi wa dini na watu wa kawaida, si madaktari peke yao.

Sheria zangu mbili hazina msamaha. Hakuna kuchomana vidole shuleni, hata kama kuna lanseti mpya na mwalimu ana ujuzi. Na hakuna kumwomba mwanafunzi ataje hali yake ya afya mbele ya wenzake, iwe sikoseli, VVU au kifafa. Mkijadili sikoseli, jadilini kwa takwimu za nchi: inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka Tanzania. Mwenye nayo darasani atasikiliza bila kunyooshewa kidole.

Bango linavyojaa

Kila kipindi mmeongeza mtu kwenye njia ya tone. Likijaa, kwetu linasomeka hivi: mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyebisha hodi, muuguzi aliyechoma kidole, dereva aliyebeba boksi la baridi, mpokea sampuli, mtaalamu wa maabara, fundi wa vifaa tiba anayehakikisha friza haizimi umeme ukikatika, mwingiza data, mtakwimu, mtaalamu wa wadudu, mhasibu, mtafiti mkuu, kamati ya maadili, ofisa wa wizara. Ndipo sasa unagawa: wanafunzi wawili wawili wachukue mtu mmoja, watafute amesoma nini na wapi.

Hapa mwalimu uwe na majibu sahihi mkononi, maana kosa la mchepuo humgharimu mtoto miaka. PCB (Fizikia, Kemia, Bayolojia) na CBG (Kemia, Bayolojia, Jiografia) ndizo njia za kawaida za fani za afya na bayolojia. Lakini mtakwimu anaweza kutoka PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), akasome hata Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam. Ufundi wa vifaa tiba unafundishwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha, na kwa maoni yangu ndiyo kazi iliyosahaulika kuliko zote: hospitali zimejaa mashine zilizokufa kwa kukosa mtu wa kuzifungua. Maabara ina stashahada ya miaka mitatu kwa aliyefaulu Bayolojia, Kemia na Fizikia Kidato cha Nne, na ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Magonjwa yanayotoka kwa wanyama, nenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Shahada za juu za sayansi, Taasisi ya Nelson Mandela ipo Arusha. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo chapa mwongozo wa NACTVET (wa vyuo vya kati) na wa TCU (wa vyuo vikuu) wa mwaka husika, utundike ukutani, ung'oe wa mwaka jana.

Watu wa mfano uwachague wanaovunja dhana. Mwele Malecela alikuwa mwanasayansi wa matende na mabusha, ugonjwa wetu huu wa Pwani, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza NIMR, kisha akasimamia idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya zoolojia. Wanafunzi hushangaa kwamba aliitwa Dokta na hakuwa daktari wa wodini. Julie Makani wa Muhimbili ni daktari kwelikweli, na kazi yake ni sikoseli. Fredros Okumu, Mkenya aliyefanya kazi Ifakara, amejikita kwenye mbu na namna wanavyovutwa na harufu ya binadamu. Ukimpata mhitimu wa shule yako aliye mwingiza data kwenye mradi wowote, huyo ni bora kuliko wote watatu, kwa sababu watoto wanajua kwao ni wapi.

Mgeni akija, mzuie kuhutubia. Mwambie kwa simu mapema alete kifaa kimoja anachokitumia kila siku na asimulie siku yake ya jana, saa kwa saa. Wanafunzi wawe na maswali yaliyoandikwa, na mojawapo liwe la mshahara na mikataba. Kazi nyingi za utafiti ni za mradi: mradi ukiisha, ajira inaisha. Mtoto alijue hilo kabla hajajaza fomu. Vyuo na taasisi zenye maabara hupokea wanafunzi kutembelea, ila barua ipitie kwa mkuu wa shule na ipelekwe mapema, na idadi iwe ndogo. Watoto kumi wanaoona kitu ni bora kuliko sitini wanaoona migongo ya wenzao.

Wenye mradi mzuri wapeleke kwenye Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011 na huandaa maonesho kila mwaka. Maharage yenu na chenga zenu zinaweza kukua zikawa mradi, ilimuradi swali liwe lao na daftari la kumbukumbu liwe na tarehe, makosa yakiwa yamekatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa.

Kwa walio Kidato cha Nne na cha Sita, kipindi cha mwisho kiwe cha makaratasi. Kila mmoja alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Linganisha herufi kwa herufi na jina alilosajiliwa Baraza la Mitihani, NECTA. Mwanaidi kwenye cheti cha RITA na Mwanahidi kwenye matokeo ni watu wawili mbele ya Bodi ya Mikopo, na kiapo cha mahakamani kinachukua muda na nauli. Asiye na cheti aanze kukishughulikia sasa, asisubiri matokeo yatoke. Aliyefanya vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita aulizie pia ufadhili wa masomo wa Samia Scholarship. Andika tarehe za mwisho za maombi pembeni ya lile bango, kwa kalamu nyekundu.